Gari la Mikate na Kijiti Chekundu

Jirani zangu, sogeeni, maana haya yanamhusu kila aliyewahi kusema "nipitishe tu, si tunajuana."

Palikuwa na nyumba moja yenye amani. Asubuhi mke alifunga kamba za viatu, fulana yake ya kung'aa ikiwa tayari mwilini, huku mume akipuliza chai na kumtania. Mume alisambaza mikate kwa gari, na kwa haraka zake watu walimbandika jina la Chapuchapu. Mke aliongoza magari pale barabara ilipokuwa ikipanuliwa, kwa bango lenye SIMAMA upande mmoja na PITA upande wa pili.

"Leo nipigie saluti nikipita, bosi wa barabara."

"Wewe ndiye upige. Mwenye bango nani?"

Wakacheka. Kazi hiyo mke aliihangaikia sana kabla ya kuipata, na aliipenda.

Niwaeleze kazi yenyewe, msije mkapotea. Nusu ya barabara ilikuwa imechimbwa mtaro. Iliyobaki ilitosha gari moja tu, tena kwenye kona kali ya mlima. Mke alisimama chini, mwenzake wa kazi juu, hawaonani, na simu hapo hazishiki. Basi walitumia kijiti chekundu. Anayeruhusu magari humpa kijiti dereva wa mwisho, na mwenzake akikipokea hujua njia ni tupu, naye huachia magari yake. Kijiti kikishaondoka, haruhusiwi kupita hata mwenye baiskeli.

Isipokuwa Chapuchapu. Mazoea yana taabu, wenzangu! Alikuwa akichelewa, anapunga mkono dirishani, na mke anageuza bango kidogo. Mume hukanyaga mafuta, akamfikia wa mwisho, wakatoka pamoja. Mara ya kwanza moyo wa mke ulidunda kwa hofu. Baadaye ukaacha kudunda, na hapo ndipo ubaya ulipoingia.

Siku moja kijiti kilikuwa kimeshaondoka na lori la mbao. Chapuchapu akatokea, akaipita foleni yote kwa pembeni.

"Mama watoto, nimechelewa madukani!"

"Subiri zamu, baba. Kijiti kimeenda."

"Si nakifuata hapo hapo? Au nikaombe ruhusa kwa nani, na wewe ni mke wangu?"

Mke akacheka, akageuza bango.

Njiani mlango wa nyuma wa gari ukafunguka, trei za mikate zikaanza kuteleza. Chapuchapu akasimama kuufunga. Wakati huo yule mwongoza magari wa kule juu alishapokea kijiti na kuachia magari, la kwanza likiwa lori la kokoto.

Mke alisikia honi ndefu, breki zikilia, kisha kishindo. Halafu kimya.

Miguu ilitaka kukimbia. Lakini nyuma yake madereva walikuwa wameanza kuwasha magari waende kutazama, na akiondoka wataingia wote, wawaangukie walioko kwenye kona. Akabaki pale, bango la SIMAMA likiwa juu, machozi yakimtoka mbele za watu. Alijiona muuaji.

"Dada, kuna ajali huko! Tuache tukasaidie!" dereva mmoja alifoka.

"Haendi mtu! Aliyeko huko ni mume wangu, na mimi mwenyewe siendi!"

Yule dereva akazima gari.

Mwishowe lori la kokoto likateremka polepole, dereva wake akatoa kichwa. "Yule wa mikate ni mzima! Alikwepa, akaingia kwenye lundo la mchanga. Vibarua waliruka mtaroni, wamepona. Sasa wanamsaidia kuokota mikate, na mingine wanaiokotea tumboni."

Mke akacheka na kulia kwa pamoja.

Jioni, kabla hajaulizwa, alimfuata msimamizi, mama mmoja mkali wa maneno machache.

"Mimi ndiye niliyempitisha. Na si leo tu."

"Kwa kumpitisha, ningekufukuza," msimamizi alisema. "Kwa kubaki na bango, nakubakiza. Lakini kesho utapanga koni za barabarani, mpaka nikuamini tena."

Alipanga koni bila kunung'unika. Aliporudishiwa bango, wa kwanza kumjaribu alikuwa mama mkwe wake, ndani ya teksi, kijiti kimeshaondoka.

"Mkwe, ni mimi! Nimekuzalia mume, leo unanianika juani?"

"Shikamoo, mama. Utasubiri."

Mama mkwe hakuitikia. Alinuna, akapandisha kioo. Kisha akageuka nyuma, akaona gari la mikate limezimwa kwenye foleni, na mwanawe ameegemea mlango wake, mzima wa afya, anapiga soga na dereva mwingine. Alimtazama sana. Akateremsha kioo.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Shikilia bango lako hivyo hivyo."

FUNZO

Ndugu zangu, kujuana kuna mahali pake, na barabara inayojengwa si mahali pake. Ukifika hapo punguza mwendo, fuata bango, usiipite foleni kwa pembeni. Nawe uliyeshika bango, sheria uliyomvunjia umpendaye inaweza kumvunjikia yeye kwanza. Ukimkuta mkeo, kaka yako au rafiki yako kazini, usimwombe akupitishe, maana huenda unamwomba akuzike. Msalimie, zima gari, subiri zamu yako. Jioni mtakula pamoja.