Onja Tu, Dada Ardis

Jumamosi moja kabla ya Krismasi, theluji ilianguka tangu alfajiri bila upepo, na mji wetu wa Marquette, kaskazini mwa Marekani, ukatulia kabisa. Ardis Lahtela alikuwa jikoni kwake akisuka mkate wa iliki. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, mwokaji mikate mstaafu, na siku hiyo alikuwa ametimiza miezi kumi na moja bila kugusa pombe. Hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa hiyo alijiambia mwenyewe, kwa sauti, huku akipaka mkate yai.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, Lempi.

"Dada, leo unakuja au huji?"

"Wapi?"

"Si kwenye kuonja! Kwani hukumbuki ni leo?"

"Nakumbuka. Nilikuwa sijaalikwa."

"Aa, wewe nawe, mambo ya kualikana tangu lini? Ila kama utaona vigumu, usijilazimishe. Tutaelewa."

Ardis aliitambua sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba ukatae. Lakini wiki nzima hiyo hakuwa amezungumza na mtu yeyote isipokuwa karani wa duka la dawa. "Nakuja," alisema.

Ndugu zangu, msidhani nasimulia habari za walevi wa kulala mitaroni. Kuonja kwetu ni jambo la heshima. Kila Desemba familia na majirani hukusanyika, kila mmoja na chupa zake za bia za majira ya baridi: ya maboga, ya biskuti za tangawizi, ya cheri na chokoleti, na zile nyeusi nzito zilizolazwa kwenye mapipa ya wiski. Humiminwa katika glasi ndogo, watu wakanusa, wakaonja, wakatoa alama kwenye vikaratasi. Ardis mwenyewe ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, na pua yake ilikuwa na sifa mji mzima.

Alipofika kwa Lempi, chupa ishirini na mbili zilikuwa zimepangwa mezani. Lempi alifungua friji, akaifunga.

"Dada, sikufikiria kabisa kinywaji chako. Nikupe maji?"

"Maji yanatosha."

Akakaa pembeni ya meza na maji yake ya bomba. Hakuna aliyemtukana. Alipomgeukia mtu, mtu huyo alitabasamu, akauliza habari za barabara, kisha akakumbuka ana jambo upande wa pili wa chumba. Waliogopa kusema neno baya, basi hawakusema lolote. Miongoni mwa watu kumi na wanne, Ardis alikuwa peke yake kuliko alivyokuwa jikoni kwake.

"Shemeji!" Royce, mume wa Lempi, alipaza sauti. "Mbona umekaa kama umekuja kukagua leseni?"

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, ili asionekane mtu wa kununa.

Kisha ukazuka ubishi. Bia moja nyeusi ilikuwa na harufu ya vanila, na wakawa hawakubaliani kama ni vanila halisi au ya bandia ya dukani. Royce akaileta glasi.

"Mtaalamu tunaye hapa hapa. Nusa tu, shemeji. Kunusa si kunywa."

Ardis alinusa. "Vanila ni halisi," alisema. "Ila kuna nazi ya kukaangwa chini yake. Na ganda la chungwa."

Mtu alisoma kibandiko cha chupa. Nazi. Ganda la chungwa. Chumba kizima kilipiga makofi, na viti vikasogezwa upande wake.

"Na ladha je?" Royce alisema. "Onja tu, dada Ardis. Hii si bia bwana, hii ni keki ya majimaji!"

Ardis alimtazama mdogo wake. Lempi aliinama, akajifanya anafuta meza.

Akaonja.

Niwaambieni jambo moja: bia hizo tamu zina ukali wa divai na zaidi, lakini sukari huuficha. Ardis alionja ya pili, ya tatu, na kila alipotaja kiungo walishangilia. Baadaye alijitolea kukusanya glasi, na kule jikoni, mlango ukiwa umefungwa, akamaliza masalio ya kila mmoja.

Jioni jirani alimrudisha nyumbani kwa gari. Royce alimpakilia chupa tisa zilizobaki. "Za sikukuu," alisema kwa moyo mweupe. "Tumefurahi kweli umeturudia."

Jumapili hakuna aliyempigia simu. Jumatatu pia, na Jumanne. Lempi aliishika simu mara mbili akaiweka, kwa sababu alijua alichokiona na hakujua aanzie wapi.

Jumatano asubuhi Ardis alitoka kwa mlango wa nyuma na mfuko wa chupa tupu, akitaka kuzitupa kabla majirani hawajatoka. Miguu haikuwa imara, na ngazi zilikuwa zimeganda barafu. Aliteleza, akavunjika nyonga, akalala thelujini bila glavu kwa saa mbili, mpaka dereva wa gari la kusukuma theluji alipomwona. Hospitali waliokoa maisha yake. Vidole viwili vya mkono wa kulia, vilivyoganda kwa baridi, havikuokoka.

Lempi alikaa kando ya kitanda akilia. "Mbona hukunipigia, dada? Mbona hukunipigia?"

Ardis alikuwa akitazama dirishani. "Nilipoonja mlinipigia makofi," alisema. "Miezi kumi na moja niliyokaa bila kunywa, hakuna aliyenipigia hata simu ya kunijulia hali."



Desemba iliyofuata Lempi alitangaza kwamba nyumbani kwake hakutakuwa na bia. Royce alinung'unika. "Watu wazima tunyimwe raha zetu kwa ajili ya mtu mmoja?" Akabeba glasi zote akazipeleka kwa jirani ng'ambo ya barabara, na wengine wote wakamfuata huko. Aliyekuja kwa Lempi ni Ardis peke yake, kwa mkongojo.

Wale dada wawili walikunywa kahawa kwenye meza ndefu iliyojaa viti vitupu. Vicheko vya ng'ambo vilisikika vizuri.

"Nenda basi," Ardis alisema. "Mumeo yuko kule."

"Anajua njia ya kurudi," Lempi alisema, akaburuta kiti chake na kukaa karibu na dada yake.

FUNZO

Jamani, aliyeacha pombe haombi tufunge sherehe zetu. Anaomba kikombe chake kiwepo mezani, na mtu wa kuongea naye. Tusimwambie "onja tu", hata kama kinywaji kina ladha ya keki na nia yetu ni njema, maana hatujui tone hilo litamfikisha wapi. Na tusinyamaze kwa kuogopa kukosea maneno. Leo hii, kama unaye ndugu anayepambana hivyo, mpigie simu. Muulize tu ameamkaje.