Kahawa Isiyogeuka Nyekundu

Jepkorir alipanda mlima wa Kapsokwony na gunia mgongoni. Asubuhi alikuwa ameshuka nalo. Sasa alirudi nalo, zito vilevile. Njiani aliketi mara nne. Alichoka hadi hata hasira ilimshinda.

Gunia lilijaa matunda ya kahawa. Karani wa kiwanda aliyatazama mara moja tu.

"Hii ni manjano, mama. Haijaiva. Sisi tunachukua nyekundu."

Mwaka uliopita alimwambia vivyo hivyo. Basi Jepkorir alingoja yawe mekundu. Alingoja sana. Matunda yakawa kahawia, yakaanguka, yakaoza.

Mibuni hiyo arobaini ilipandwa na marehemu mama mkwe wake. Hakuna jirani aliyekuwa na mingine kama hiyo. Mumewe, Kigen, alikuwa Kibomet, Kitale, akifanya kibarua cha ujenzi. Alisema akirudi Jumamosi ataing'oa yote apande mahindi.

Kando ya njia, jirani yake Chelagat alikuwa akifunga ng'ombe. Chelagat alifanya kazi Nairobi miaka kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kuonja kahawa. Watu walimtania sana, ati mtu analipwa kunywa!

"Mama Chepchumba, mbona uso wa matanga?"

"Ni hii kahawa mbichi. Nimechoka nayo, Chelagat. Nimechoka kabisa."

Chelagat alichukua tunda, akalibinya. Mbegu mbili ziliteleza nje na ute wake. Akalifyonza ganda.

"Nani amekuambia ni mbichi? Tunda bichi ni gumu, ukibinya mbegu haitoki. Hii imeiva! Kuna aina ya kahawa inaivia manjano. Haikuwangi nyekundu. Ni chache sana huku kwetu."

"Sasa mimi nilikuwa nangoja nini?"

"Kitu haiwezi kuja, bana."

Jepkorir alicheka kidogo. Hata kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka.

Jumamosi Kigen alifika, akachukua jembe. Hakutaka hata chai.

"Hiyo miti imetuchezea vya kutosha."

"Baba Chepchumba, Chelagat anasema hii huivia manjano. Nipe wiki tatu tuitengeneze hapa nyumbani. Ukionja uikatae, mimi mwenyewe nitashika jembe."

Kigen alikuwa amebeba mawe juma zima. Hakuwa na nguvu za kubishana. Aliketi.

Chelagat aliwaonyesha kazi. Walichuma matunda yaliyoiva tu, wala hawakuyachanganya na ya mibuni mingine. Walimenya siku ileile, kwa sababu matunda yakilala ladha huharibika. Waliacha mbegu kwenye ndoo hadi ute ukalegea, wakaziosha. Kisha wakazianika juu ya waya, wakizigeuza kila mara na kuzifunika mvua ikija. Zilipokauka, Jepkorir alizitwanga, akazipepeta na kuzikaanga, kisha akazisaga na kuipika kahawa.

Kigen alilima kahawa tangu utotoni, lakini hakuwahi kuinywa kahawa yake. Nyumbani walikunywa chai. Alinyoosha mkono kwenye sukari.

"Si uache kwanza," Chelagat alimzuia.

Kigen alikunywa. Akanywa tena.

"Nani ameweka asali?"

"Hakuna. Ndiyo ladha yake. Na mwisho unaskia kama chungwa. Ukiichuma mbichi, itakuwa na ladha ya nyasi. Ikiiva kupita kiasi, inanuka kama pombe ya busaa. Ukiichanganya na zingine, hii ladha inapotea."

Kigen alikiweka kikombe chini.

"Mama akichuma alikuwa anafyonza moja, anaenda mti ingine, anafyonza tena. Tulimcheka, ati mtu mzima anakula kama mtoto."

"Alikuwa anapima," alisema Chelagat.

Machozi yalimtoka Kigen, naye hakuyaficha. Alisimama, akalirudisha jembe ghalani.

Juma lililofuata wote watatu walishuka kiwandani. Chelagat alipomweleza, karani alibinya tunda moja, akabinya la pili, akaomba radhi. Kahawa ya manjano ikatengewa kitanda chake cha kuanikia. Mnunuzi kutoka Kitale aliionja, akaomba ya msimu ujao yote.

Jepkorir bado huchoka, maana mlima ni uleule. Lakini gunia likishuka, halirudi tena. Kigen naye ameacha kibarua. Huchuma polepole mti kwa mti, tunda moja likiwa mdomoni. Watoto wake humcheka.