Mshale Uliokataa Kaskazini

Jumatano moja, adhuhuri imeshasaliwa, Zuena aliweka simu yake mkekani akaona kaskazini imehamia mlangoni.

Mlango wa nyumba yao ulitazama mashariki, na pale Maparoni, kijiji cha deltani, hapakuwa na mtu ambaye angelijua hilo zaidi yake. Alikuwa na mwaka wa pili akisimamia mistari kwenye mradi wa kupanda mikoko. Kazi yake ilikuwa kusimama topeni, kufungua dira ya simu na kuwaelekeza wapandaji wanyooshe kamba ili miche ikae sawa. Wenzake walidhani simu hupata mwelekeo kwenye mtandao. Yeye aliwaeleza kwamba ndani mwake mna kidude kidogo kinachonusa sumaku ya dunia, hakitaki mnara wala vocha.

Kwa hiyo hakushtuka mara moja. Alijua vitu vyenye sumaku huidanganya dira, akatoa nje spika ya mumewe, Mshamu, akatoa na panga na betri ya sola. Mshale ukabaki palepale. Kisha ukaanza kwenda. Haukuruka huku na huku, jambo alilokwisha kulizoea. Ulitoka mlangoni ukapita dirishani, ukafika kwenye mtungi wa maji, ukatua kidogo, ukaendelea taratibu, mwendo wa mgeni anayekagua nyumba aliyopewa.

Hapo ndipo alipoikumbuka Jumamosi.

Jumamosi hiyo yeye na wapandaji walikuwa kwenye kijito ambacho wavuvi hukipita bila kusemezana. Maji yalikuwa yamekupwa. Simu ilimwandikia kwamba dira imepoteza usahihi, ikamtaka aichezeshe hewani kwa kuchora nane. Zuena aliinua mkono akachora nane, tena na tena, uso kwenye giza la miti. Abdalah, mwenye mtumbwi, mtu mzima asiye na maneno mengi, aligonga kafi ubaoni.

"Shusha mkono, Mama Rukaiya," alisema. "Huku hatumpungii mtu."

Zuena alimjibu kwamba hampungii mtu, anairekebisha dira. Abdalah akasema yeye amemwelewa. Asiyeelewa ni yule anayetazama kutoka kule mitini.

Mshamu aliporudi kutoka shambani Zuena alimweleza yote. Mumewe hakucheka. Alifungua dira kwenye simu yake mwenyewe, akaiweka kando ya ile ya kwanza. Mishale miwili ilielekea mahali pamoja, pembeni mwa kabati, na ilipoondoka iliondoka pamoja.

Kuanzia siku ile nyumba ilishika harufu ya tope la ndani, lile lisiloona jua, ingawa sakafu ilikuwa kavu na kufagiliwa mara mbili kwa siku. Mchana, majirani wakiwa mashambani, Zuena alisikia nyayo zikichopoka topeni, moja, halafu kimya, halafu nyingine, chumba cha pili, juu ya saruji. Akichungulia haoni kitu. Akiitazama simu anaona mshale umeelekea hukohuko anakochungulia.

Siku ya Jumatatu mshale ulisimama kwa Rukaiya. Mtoto alikuwa na miaka minne, amelala usingizi wa mchana chini ya dirisha. Zuena alimwinua akampeleka upande wa pili, na mshale ukamfuata. Akatoka naye uani, ukamfuata. Akampa baba yake ambebe mpaka gatini na kurudi, naye Zuena akabaki mlangoni ameishika simu kwa mikono miwili, akiutazama ule mshale ukizunguka polepole na kumsindikiza mwanawe kila hatua, mpaka gatini, mpaka nyumbani tena, bila kumwacha hata kwa upana wa kidole.

Kufikia Jumatano iliyofuata Rukaiya hali, hasemi, mwili umepoa na kucha zimejaa tope jeusi ambalo likioshwa asubuhi lipo tena mchana. Mshamu alivuka maji kumfuata Mwalimu Abdulazizi, aliyejulikana delta nzima kwa kisomo. Mwalimu aliiomba kwanza ile simu, akautazama mshale kwa muda mrefu. Akawaambia hajapata kuonyeshwa jini kwa namna hiyo, na kwamba wasiseme nalo neno lolote, hata likiwasemesha kwa sauti wanayoipenda. Kazi ya kusema aachiwe yeye.

Alifukiza ubani akasoma tangu alasiri. Jua likishuka, Rukaiya alifumbua macho, akaongea kwa sauti yake mwenyewe, sauti ndogo ya mtoto anayeshtakia.

"Ameniita mwenyewe," alisema. "Mara nyingi ameniita. Nimekuja, haniangalii."

Mwalimu akazidisha kusoma, sauti ikipanda, na kadiri alivyosoma ndivyo mtoto alivyozidi kukaza shingo, midomo ikageuka rangi, maji ya chumvi yakamtoka puani yakalowesha mkeka, na Mshamu aliyemshika kifuani akasema kwa sauti ya chini kwamba moyo hausikiki tena, hausikiki, na Mwalimu hakusimama kwa sababu ukisimama katikati umeshindwa, na Zuena, aliyekuwa ameinamia sikio la mwanawe, hakuona mbele yake kitu kingine cha kufanya, akanong'ona neno ambalo hakuna aliyelisikia zaidi ya yule aliyenong'onewa.

"Mwache. Njoo kwangu mimi niliyekuita."

Rukaiya akavuta pumzi. Akalia kilio cha kawaida, akaomba uji. Mwalimu alimshukuru Mungu, jasho likimtiririka, akaagiza simu zote mbili zitupwe kwenye maji makuu na familia iondoke delta. Zuena alizitupa mwenyewe, hakuitazama hata moja. Yale maneno hakumwambia mtu.

Walipanda boti mpaka Nyamisati, wakaingia Kibiti na mabegi mawili. Walipanga chumba kwenye ua wenye wapangaji wengine, na Mshamu akapata kibarua kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Baadaye alinunua simu nyingine, ya batani. Zuena alisema yeye haitaki ya aina yoyote. Rukaiya alinenepa, akarudi kucheza. Ila alianza kulala upande wa baba yake, akisema mama ana baridi. Na mara mojamoja Zuena akifunga kanga alisikia harufu ya tope. Alizifua nguo zote alizotoka nazo Maparoni, akazifua tena, mwishowe akazichoma, akajiambia basi.

Mwezi wa tatu tangu wafike alihamia mpangaji mpya, mwalimu wa shule aitwaye Yasmin, binti mchangamfu. Alasiri ilimkuta angali anapanga vyombo. Alitawadha, akamuuliza Zuena, aliyekuwa akipepeta mchele kando ya ukuta, kibla ni upande gani. Zuena alikijua, ni upande wa jiko. Akafumbua mdomo, ulimi haukuinuka.

"Usijali, dada," alisema Yasmin. "Simu itanionyesha."

Akaiweka chini, akaitazama, akatandika msala. Ulimwelekea Zuena.

Zuena alisimama na ungo wake, akasogea mpaka kwenye pipa la maji. Yasmin alitupia simu jicho, akashangaa kidogo, akaugeuza msala kuelekea kwenye pipa. Zuena akavuka ua mpaka kwenye mlango wake. Yasmin akaugeuza tena, akicheka, akisema simu hii labda imechoka. Zuena alitaka kuingia ndani na kufunga mlango, lakini miguu haikumtii, wala shingo haikukubali kugeuka.

Yasmin alinyanyua mikono, akafunga sala. Akarukuu. Akasujudu, paji la uso likagusa msala hatua tatu kutoka kwenye miguu ya Zuena. Na ndani ya kifua cha Zuena, chini ya mbavu, kitu kilichokuwa kimejikunja miezi yote hiyo kilinyoosha mgongo, kikaketi vizuri, kikaipokea ile sala.