Kasiva Hakuwa Mvivu

Kila jioni nyumba moja pale Shauri Moyo ilijaa kelele. Matheka, mchonga vinyago, alikuwa akimsomesha binti yake Kasiva. Mtoto alikuwa na miaka kumi, na alikuwa amerudia darasa la tatu mara mbili.

"Soma!"

"Ba... da..."

"Jana ulilijua neno hili! Ni uvivu tu."

Kasiva akaanza kulia.

"Akianguka tena mwaka huu, nampeleka Machakos kwa nyanya yake akachunge mbuzi," Matheka alimwambia mkewe, Mukai. "Shule imemshinda."

Mukai aliumia sana. Kesho yake alimwita jirani yao, Mwalimu Asenath, aliyesomea kufundisha watoto wenye shida ya kujifunza.

Asenath alimsomea Kasiva hadithi. Kasiva akaisimulia yote, tena kwa madoido.

"Huyu si mvivu wala mjinga," Asenath alisema. "Hizi ni dalili za disleksia. Ana akili nzuri, ila anapata taabu kuunganisha herufi na sauti zake. Amezaliwa hivyo. Hakuna aliyemroga."

"Dawa yake ni nini, Mwalimu?" Matheka aliuliza.

"Si dawa, na si kiboko. Ni kubadilisha njia. Dakika kumi na tano kila siku zinatosha. Herufi moja moja: aishike, aitamke, aiandike kwenye mchanga. Kisha msome pamoja. Akikosea, msaidie polepole. Akipata, msifu."

"Aishike?" Matheka akatabasamu. Kwa kazi ya mbao, hakuna wa kumfundisha.

Siku ya tatu alileta herufi alizochonga kwa mbao. Moja ilikuwa na shingo ya twiga, nyingine mkia wa simba. Asenath alicheka mpaka akashika mbavu.

"Baba Kasiva, hizi wauzie watalii! Mtoto ataona twiga tu. Chonga herufi tupu."

Matheka naye akacheka, akachonga upya.

Haikuwa rahisi. Siku nyingine Kasiva alisahau ya jana, na Matheka alitamani kufoka. Alijizuia. Mukai naye alienda shuleni kumweleza mwalimu wa darasa, naye akakubali kumpa Kasiva muda zaidi.

Mwezi wa Novemba, Kasiva alimsomea mwalimu huyo ukurasa mzima. Alisoma polepole, kidole kikifuata kila neno, na hakuna aliyemharakisha. Mwalimu akasema ataingia darasa la nne.

"Baba, kwa hivyo siendi Machakos?" Kasiva aliuliza jioni.

Matheka alishikwa na uchungu. "Utaenda Krismasi kumsalimia nyanya, kisha utarudi. Nilikukosea, mwanangu. Haya, leta kitabu tusome."