Rekodi ya Shangazi Wamuyu

Haya yalimpata rafiki yangu Muiruri, anayetunza kompyuta za redio moja hapa Nakuru. Shangazi yake Wamuyu, wa Kabazi, alirekodi wimbo mfupi studioni, akawa anamsihi amtolee nakala. Muiruri aliahirisha hadi shangazi akafa, na hata mazishi akayakosa, akisema ana kazi.

Baadaye binamu yake Wangechi, binti wa marehemu, akampigia simu. "Si ututumie tu hiyo wimbo? Tunataka kusikia sauti ya mathe."

Muiruri aliona aibu, akaenda kuutafuta mara moja. Mvua ilikuwa imetia giza mchana, stima zimepotea, seva inanguruma kwa betri. Hifadhidata ikakataa kuitoa faili, ikisema imezidi ukubwa unaoruhusiwa kutumwa. Wimbo mfupi hivyo? Akaongeza kikomo hicho cha ukubwa, akawasha seva upya, ikakataa. Akaongeza hadi mwisho, ikafunguka.

Wimbo uliisha lakini rekodi ikaendelea. Alisikia watu wakiimba tenzi za maziko, kisha udongo ukiangukia mbao. Nyayo zikatawanyika. Kukawa kimya kirefu.

Halafu shangazi akasema, karibu kabisa na maikrofoni, "Muiruri, wengine wote wameenda. Wewe unakuja saa ngapi?"