Chumvi Niliyosema Sikuiona

Barafu iliyomvunja mguu mzee Belmiro haikutoka mbinguni. Niliitengeneza mimi, kwa mpira wa kumwagilia bustani.

Nimelisema. Tusi lolote mlilonalo liwekeni hapo chini, nitalisoma.

Nisingeandika. Lakini jana humu kundini kuna mtu kauliza: "Wadau, mpira niuache wazi mpaka saa ngapi ili miti igande vizuri, watalii wapige picha?"

Na mkamjibu! Wengine mkamwekea na makofi!

Ndugu uliyeuliza... soma hii mpaka mwisho.

Mimi naitwa Nelvir. Nina kibanda kwenye kona ya mwisho kabla hujaingia mji wa Grimpas, huku mlimani. Nauza mbegu za msonobari za kuchemsha, jibini, na mvinyo wa moto wenye karafuu.

Biashara hii mnaijua. Mwaka mzima tunapiga miayo. Halafu baridi kali ikishuka siku mbili tatu, watu wa pwani wanapanda mlima na kandambili miguuni, wanatafuta theluji.

Theluji yenyewe haipo!

Sasa Odete, mwenye kibanda cha kule juu, msimu uliotangulia aligandisha uzio wake kwa maji. Barafu ikaning'inia kama shanga. Magari yakapanga foleni kwake. Kwangu alisimama mbwa tu, naye alikuwa anatafuta pa kukojoa.

Roho ikaniuma.

Msimu uliofuata, jioni moja, redio ikatangaza nyuzi sita chini ya sifuri. Shemeji yangu Darci, kaka wa mke wangu, akapita na pikapu ya manispaa. Kazi yake ilikuwa kumwaga chumvi barabarani ili lami isigande.

"Shemeji! Kona yako nimeshaimwagia. Hapa hata bibi kizee atapita anacheza!"

"Ingia basi unywe kitu."

"Bado daraja. Na huo mpira juu ya mti ni wa nini?"

"Nimeuanika."

"Unaanika mpira juu ya mti?"

"Ulitaka nikauanike jikoni kwako?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Dada yangu aliolewa na kichekesho!"

Akaondoka. Taa za pikapu zilipopotea tu, nikafungua koki.

Maji yakadondoka kutoka msonobarini, yakashuka uziani, yakaanza kuganda nikiyaona. Mazuri ajabu!

Kwamba maji yakishuka lazima yaende mahali, na mahali penyewe ni barabarani... hilo sikuliwaza. Au niliwaza, nikageukia ukutani nikalala. Sijui. Nimejiuliza mara nyingi.

Alfajiri... PAAA!

Nikatoka na soksi. Lori la maziwa limelala ubavu mtaroni. Tangi limepasuka. Ndani yake mzee Belmiro, aliyetuletea maziwa tangu mimi kijana, kabanwa mguu.

"Nelvir... mwanangu..."

"Nakuja, mzee!"

Uongo. Sikwenda kwake kwanza. Nilikimbilia koki niifunge kabla mtu hajaona.

Nikaikuta imefungwa.

"Ivonete! Umefunga maji?"

Mke wangu alikuwa anatoka mbio na mablanketi. "Maji gani? Mzee anakufa huko nje, wewe unauliza maji!"

Nikaukunja mpira, nikautupa nyuma ya banda la kuku. Ndiyo. Mzee analia, mimi naficha mpira.

Ndipo nikaenda. Nilianguka mara mbili kabla ya kumfikia, punje za chumvi zikanikwama viganjani. Lami ilikuwa kioo, kutoka kwenye mti wangu mpaka mstari wa katikati.

"Breki zilikubali," mzee akaninong'oneza. "Barabara ndiyo iliyokataa."

Zimamoto wakaja, wakamtoa, wakaondoka naye. Lori likavutwa. Lakini maziwa yalibaki. Yalitapakaa kona nzima, yakaganda meupe.

Jua likatoka, na watu wa pwani wakafika.

"Theluji! Jamani njooni, theluji!"

Wakapiga picha juu ya maziwa ya mzee Belmiro. Mtoto mmoja akafinyanga donge akamtupia baba yake. Walicheka!

Na mimi je?

Niliwauzia mvinyo. Siku ile niliuza mpaka sufuria ikakauka.

Baadaye akaja Adroaldo, msimamizi wa barabara wa manispaa. Akaniita mbele za watu.

"Wewe ndiye wa kwanza kufika. Uliona chumvi barabarani?"

Darci alikuwa amesimama pale pale, koleo mkononi. Akanitazama. Hakunikunjia uso. Alinisubiri tu, kama unavyomsubiri mwenzako afunge kamba za viatu.

"Sikuona chumvi," nikasema.

"Una uhakika?"

"Lami ilikuwa tupu."

Darci aliliweka koleo kwenye pikapu taratibu, akampa Adroaldo funguo, akaenda nyumbani kwa miguu.

Kazi yake ikaisha hivyo, wapendwa.

Nyumbani Ivonete akalia. "Kaka yangu hajawahi kuruka kona hata moja!"

"Labda alichoka," nikamjibu.

Hilo neno "labda alichoka" bado nalisikia mpaka leo.

Nikakaa kimya wiki baada ya wiki, naonewa huruma kwa kuwa na shemeji mzembe. Mpaka nilipokwenda hospitali kumwona mzee Belmiro. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nelvir, nina ujumbe. Mwambie Darci nimemsamehe. Kijana asijitese."

Hebu fikirini! Nimebebeshwa msamaha nimpelekee mtu asiye na kosa!

Nilitembea nao njia nzima kama nimeubeba mgongoni. Nikamkuta Darci jikoni kwake, na birika, na kibuyu chake cha chimarrão, ile chai chungu ya majani tunayopokezana.

"Mzee Belmiro anasema amekusamehe."

"Amenisamehe nini?"

Nikakosa pa kuweka macho. "Shemeji... ile barafu ilikuwa yangu. Ule mpira..."

"Najua."

"Unajua?!"

"Unafikiri nani alifunga koki?"

Nikakaa bila kukaribishwa.

"Nilirudi alfajiri kutoka darajani," akasema. "Nikakuta maji yako yanatiririka barabarani, chumvi yangu yote yameisomba. Nikafunga. Nikamwaga gunia la mwisho. Nilitaka nigonge mlango nikutukane, nikamfikiria dada yangu amelala. Nikakimbilia ghalani kufuata chumvi nyingine. Kurudi, lori limeshalala."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, dada yangu angeishi akijua kaka yake ndiye aliyemchongea mumewe. Ungesema wewe, ungekuwa mwanaume aliyekosea, basi. Nilikuachia nafasi, Nelvir. Nilikutazama kabisa. Nilikuwa nasubiri uione chumvi."

Akajaza kibuyu, akanywa. Akajaza tena, akanywa.

Kwetu kibuyu huzunguka. Siku ile hakikunifikia.

Kesho yake nilikwenda kwa Adroaldo, nikasema yote. Nikaenda polisi, nikasema. Nikarudi kwa mzee Belmiro.

Mzee akasema: "Basi ule msamaha niliompelekea Darci, kamwambie anirudishie. Hakuwa na haja nao."

"Na mimi, mzee?"

"Wako nitaufikiria."

Mpaka leo anaufikiria.

Ndugu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Maji ukiyamwaga juu, yatamshukia mtu chini. Baridi ikija funga koki, mwaga chumvi mlangoni pako, na mwambie mtalii asubiri jua lipige lami. Akitaka barafu, afungue friji yake. Na kama umeshakosea, sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale. Ukweli wangu ulifika, lakini ulichelewa. Kazi ya Darci ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Ulitaka kujua saa. Mimi nakupa gharama.

Mguu wa kushoto wa mzee Belmiro umekuwa mfupi, haufiki kwenye klachi. Lori ameliuza.

Darci sasa anachuma matufaha kwenye mashamba ya watu, msimu ukiwepo.

Msonobari wangu, uliopandwa na babu, ulivunjika matawi kwa uzito wa barafu ile ile. Umekauka upande mmoja.

Ivonete ananipikia, ananifulia, hanisemeshi kuhusu kaka yake.

Na shemeji sina tena. Tukikutana dukani ananisalimia kwa adabu zote, mbele za watu, mkono kwenye kofia.

"Habari za asubuhi, bwana Nelvir."