Jedwali Lililolala Ubavu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, mwanafunzi Flaviana alipitia jikoni kwa Bi Bupe, mpishi wa uji katika shule yao huko Temeke. Alimhesabia vipimo vya unga na sukari, kisha akaviandika kwenye daftari la kamati ya uji. Bi Bupe hakujua kusoma vizuri, hivyo kalamu ya Flaviana ndiyo iliyomsemea mbele ya wazazi.

Mkutano wa wazazi waliochangia uji ulipokaribia, Mwalimu Wilfred alimpa Flaviana kompyuta ya shule aandae taarifa ya kuonyeshwa ukutani kwa projekta. Barua ya kamati kwa wazazi ilikaa vizuri kwenye kurasa za kusimama, zenye urefu kuliko upana. Jedwali la mapato na matumizi ndilo lililomtoa jasho: wiki kumi na mbili za michango, unga, sukari, mkaa na maji. Lilihitaji ukurasa wa kulala, wenye upana kuliko urefu. Lakini Flaviana alitaka kurasa zote zifanane, basi akaligeuza jedwali ubavu na kulibana mpaka likaenea. Akilaza shingo mbele ya kioo cha kompyuta, alilisoma lote. Akajiona bingwa.

"Umewasha projekta, ukakaa benchi la mwisho kuona kama inasomeka?" Mwalimu Wilfred alimuuliza.

"Ndiyo, Mwalimu, nimejaribu," Flaviana alijibu haraka. Hakuwa amejaribu. Wenzake walikuwa wakimngoja uwanjani wacheze mpira wa rede.

Jumamosi darasa lilijaa wazazi. Jedwali lilipotokea ukutani, wote walilaza vichwa mabegani. Mzee Zahor, mwenye duka la jumla, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Binti, mie naona sisimizi tu wamepanda ukuta. Sukari imekula shilingi ngapi?"

Flaviana alikuza maandishi. Nusu ya jedwali ikatoka nje ya ukuta. Akayapunguza, namba zikapotea kabisa.

"Hii imefanywa makusudi!" mama mmoja alipaza sauti. "Hesabu safi ingefichwa ya nini? Mpishi atuambie unga wetu anaupeleka wapi!"

Bi Bupe alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Flaviana, akingoja walau neno moja. Flaviana aliinamisha uso. Bi Bupe akavua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya dawati na kuondoka.

Kuanzia Jumatatu uji ukakoma. Masufuria yalifunikwa kifudifudi, na watoto wa darasa la kwanza walilaza vichwa juu ya madawati kwa njaa. Mtaani Bi Bupe aliitwa mwizi wa unga. Akifika bombani, wanawake walinyamaza. Flaviana aliyaona yote hayo. Alihisi ameharibu kitu kisichotengenezeka tena.

Jumatano ya wiki ya pili alishindwa kuvumilia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nilikudanganya. Sikujaribu." Akaangua kilio.

Mwalimu Wilfred alichukua karatasi mezani, akaigeuza ubavu. "Karatasi mtu anaigeuza mkononi," alisema. "Ukuta wazazi wangeugeuzaje?"

Wakaanza upya. Ukutani waliweka namba tatu tu, kubwa: fedha zilizoingia, zilizotumika na zilizobaki. Jedwali lote walilichapisha kwenye karatasi ya kulala, wakalibana nyuma ya barua, nakala kwa kila mzazi. Safari hii Flaviana alikwenda kukaa benchi la mwisho na kusoma.

Jumamosi wazazi walipoitwa tena, alisimama akakiri kosa lake. Mzee Zahor alipitisha kidole mstari kwa mstari, robo saa nzima.

"Haijapungua hata shilingi," alisema. Yule mama aliyepaza sauti alitazama sakafu.

Jioni hiyo Flaviana na mwalimu wake walikwenda nyumbani kwa Bi Bupe, wakiwa na aproni iliyofuliwa na kupigwa pasi.

"Shikamoo, Bibi. Nilimdanganya Mwalimu kwamba nimejaribu projekta. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Bi Bupe aliishika aproni kwa muda mrefu bila kuivaa. "Jumatatu nitakuja, watoto wana njaa. Lakini nisikilize, mjukuu wangu. Unga haukuibiwa, na hesabu yako ilikuwa ya kweli. Kilichonivunjia jina ni wewe kusema umefanya kazi ambayo hukuifanya. Kama hujajaribu, sema hujajaribu. Ungesema hivyo, mie nisingelia wiki mbili."

Jumatatu Flaviana alifika jikoni mapema, akafungua daftari, na kila kipimo alikihesabu mara mbili kwa sauti, Bi Bupe akisikia.